Kifua cha Sukhmantiya

Msimu wa mti wa mahua, ambao maua yake huliwa, wanawake wa kijiji cha Jharokhar huyaokota alfajiri na kuyaanika uani kabla jua halijawa kali. Kufikia adhuhuri maua ya kila nyumba huwa ya kijivu, kwa sababu mtambo wa umeme uko ng'ambo ya reli tu, na majivu ya makaa ya mawe hushuka kutoka kwenye dohani zake mchana kutwa, laini kama unga uliochekechwa. Mwaka ule maua ya Sukhmantiya yalibaki ya manjano. Jirani alimwuliza kama anayaosha. Akasema hayaoshi, anakaa karibu nayo tu.

Walipomtazama vizuri waliona kwamba majivu yakifika juu ya ua wake hayaanguki. Yalipinda, yakamfuata alipo, yakaingia puani mwake taratibu kama njiwa wanaorudi tunduni. Hakukohoa wala kupiga chafya. Kijijini palikuwa na mzee aliyeweza kuwaita nyuki, na mwanamke aliyetoa sumu ya nge kwa kuinong'oneza, kwa hiyo mtu wa kuvuta majivu hakuwasumbua akili. Wakaanza kumletea nguo mbichi za kuanika, kisha nafaka, kisha watoto wenye kifua kibaya.

Kasoro ilikuwa moja: alizidi kuwa mzito. Kitanda cha kamba kilikatika chini yake, na mumewe, Dhansai, akamtengenezea kingine cha mawe.

“Wenzangu wameoa wanawake,” Dhansai aliwaambia waliokuja kutazama. “Mimi nimeoa mfuko wa saruji.”

“Na siku ukikuangukia ndipo utakapojua umeoa,” Sukhmantiya alijibu, akacheka, na vumbi jembamba likamtoka kinywani.

Mtu aliyemhitaji kuliko wote alikuwa mjukuu wake, Phagni. Baba wa mtoto huyu, mwana wa Sukhmantiya, alikuwa ameenda mbali kufyatua matofali, akamwacha mtoto na mkewe, Budhni. Phagni alizaliwa na pumu. Mapajani mwa bibi yake alipumua kama watoto wengine na kudai chapati. Akipelekwa kisimani tu, midomo ilianza kubadilika rangi.

Juu ya paa la shule kampuni ya umeme ilikuwa imeweka mashine ya kupimia hewa, na kwenye lango la mtambo palikuwa na taa iliyounganishwa nayo. Taa ikiwaka kijani, hewa ni nzuri. Ikiwaka nyekundu, ni mbaya. Iliwaka nyekundu. Kila dohani ilikuwa na chujio la kuzuia majivu, lakini chujio hula umeme ambao ungeweza kuuzwa, kwa hiyo machujio yaliwashwa wakaguzi wa serikali walipotarajiwa tu. Sasa wakaguzi walikuwa wameanza kuja bila kutoa taarifa.

Ofisa mazingira wa kampuni aliitwa Khandelwal, mtu mpole aliyevua viatu hata kwenye nyumba za udongo. Kila Siku ya Mazingira alipanda miche kando ya barabara, katika mashimo yale yale. Aliposikia habari za Sukhmantiya alikwenda kwake, akaketi uani, akavua miwani na kuiweka gotini. Baada ya muda akaiinua juani. Ilikuwa safi. Akamwuliza Sukhmantiya analala saa ngapi, na kama akilala huendelea kuvuta. Dhansai akasema huvuta zaidi.

Ndipo Khandelwal akaeleza kazi yenyewe. Sukhmantiya atakaa juu ya paa la shule, kando ya mashine. Atapewa sari ya kijani, mwavuli na chakula. Sukhmantiya aliuliza kama anaweza kwenda na mjukuu wake. Khandelwal akasikitika. Alisema uzio wa mashine unaizunguka shule yote, na ndani yake haingii asiye mwanafunzi bila kofia ngumu na buti za usalama, na kampuni haina buti za mtoto wa umri ule.

“Basi siendi, bwana mkubwa,” Sukhmantiya alisema. “Hewa yenu ina mashine. Huyu hana.”

Khandelwal hakubishana. Alishukuru kwa chai, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bhagirathi, na kumkumbusha kwamba bwawa la majivu la kampuni limejaa. Wahandisi walikuwa wakitafuta bonde la kuchimba jingine, na bonde la Jharokhar liliwapendeza. Taa ikikaa kijani, alisema, wakubwa hawatakuwa na haraka.

Jioni hiyo kijiji kizima kilikuwa uani kwa Sukhmantiya. Walizungumza kwa adabu. Walimkumbusha kwamba walishahamishwa mara moja, bwawa la maji lilipojengwa, na wengine hata zaidi ya mara moja. Walisema watampokezana Phagni wao wenyewe, watampepea, watamwekea kitambaa chenye maji puani.

“Shangazi, kukaa ni kazi?” aliuliza Bhagirathi. “Hapa unakaa, kule utakaa. Hatukuombi ubebe zege.”

Budhni alisimama nyuma yao, mtoto akiwa mgongoni. Sukhmantiya alimtazama. Budhni akatazama chini, maana nyumba ya wazazi wake nayo ilikuwa bondeni. Kulipopambazuka Sukhmantiya alipanda ngazi ya shule, na vyuma vikalia chini yake.

Taa ikawaka kijani kabla hajafungua mwavuli.

Iliendelea kuwaka kijani majira yote ya joto. Kwa kuwa hewa ilikuwa nzuri, kampuni haikuona sababu ya kuyawasha machujio tena, hata kwa ajili ya wakaguzi. Majivu yakaongezeka. Yaliyopita karibu na paa la shule yalimwendea Sukhmantiya. Mengine yote yalishuka kijijini, kwenye vyungu vya dengu, kwenye macho ya mbuzi. Wanafunzi walisoma vizuri chini yake. Shule ilipofungwa walienda nyumbani kukohoa.

Wanakijiji walimpepea Phagni kama walivyoahidi, mpaka kila nyumba ikawa na mtu wake wa kupepea. Baada ya hapo Budhni alimbeba mwenyewe kila siku mpaka kwenye uzio. Mlinzi, Lallan, alikuwa mtoto wa jirani, akamruhusu kuketi nje kabisa ya waya, mahali hewa safi ilipokomea. Phagni aliingiza pua katikati ya waya na kupumua. Mtu wa usalama kutoka mtamboni aliiona hali hiyo, akaagiza uzio usogezwe nje.

Mchana mmoja wa joto kali Budhni alifika akikimbia. Mtoto alikuwa ameshaanza kuwa mweusi kwenye kucha. Lallan alisimama kwenye lango la uzio na kofia ngumu mikononi, akimjaribishia mtoto, ikimzama mpaka kidevuni.

“Fungua, Lallan,” Sukhmantiya alisema kutoka juu. Hakupaza sauti.

“Shangazi, nina watoto.”

“Na huyu ni nini?”

Lallan alimpigia simu Khandelwal. Khandelwal alikuwa kwenye semina ya hewa safi, na simu za semina huzimwa. Sukhmantiya alijaribu kushuka, lakini alipoweka mguu wa kwanza ngazi ilipinda kama mua, na akarudi juu. Alifanya alichoweza: alivuta kwa nguvu zake zote, ili hewa nzuri ifike mbali zaidi. Ilifika langoni. Phagni alipumua vizuri mara moja tu, akamtazama mama yake, na hakupumua tena.

Walimzika kando ya kijito. Sukhmantiya aliona kutoka juu ya paa jinsi Dhansai alivyokuwa akifukia kwa mikono. Kampuni ilituma shada la maua lenye utepe wa kijani, nayo taa haikubadilika.

Wakaguzi walipokuja tena, Khandelwal aliwapandisha juu ya paa kwa ngazi mpya na kuwaonyesha mashine. Walimsalimu Sukhmantiya. Yeye akafungua kinywa na kutoa pumzi.

Aliitoa tangu adhuhuri hadi jua kuzama. Yalitoka majivu ya msimu wote, kwanza kama moshi wa jikoni, kisha kama ukuta. Jua likawa jekundu, halafu halikuonekana. Taa ya lango la mtambo ikawaka nyekundu, kisha mashine ikaziba na taa ikazimika. Khandelwal aliwapa wageni vitambaa vya kufunika pua na kuwashusha kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, ambako chai ilikuwa tayari.

Huko walijadiliana. Sheria inasema vumbi la asili halihesabiwi, na mkaguzi mdogo akauliza kama hili ni la asili. Khandelwal alisema halikutoka kwenye dohani yoyote ya kampuni, na wao ni mashahidi. Mkaguzi mkubwa alitafakari. Mwanamke hachomi makaa ya mawe, alisema, hana leseni ya kuzalisha umeme, na hakujengwa na mtu. Wakakubaliana kwamba mwanamke ni kitu cha asili, na siku ile ikaandikwa kuwa ya dhoruba.

Sukhmantiya alikuwa mwepesi sasa. Alishuka ngazi bila kuitikisa na kwenda moja kwa moja kando ya kijito. Kijito chenyewe kilikuwa kimefukiwa, na majivu yalifika magotini. Alichimbua hapa, akachimbua pale, akamwita mjukuu wake kwa jina. Kaburi hakuliona. Yalikuwa majivu yake mwenyewe, na alipoinama yakaanza kumrudia puani.

Kijijini mapaa mawili matatu yalikuwa yameanguka na kisima kilikuwa kimeziba. Watu hawakumpa pole. Walisema majivu ya kampuni huja kidogo kidogo na mtu huyazoea, lakini yeye amewamwagia yote kwa mkupuo. Mashine ilipotengenezwa na taa kuwaka nyekundu, wahandisi walionekana bondeni wakipigilia vigingi. Bhagirathi alifika na watu wake nyumbani kwa Sukhmantiya.

“Inuka, shangazi.”

“Nimemaliza, mwanangu. Nimechoka.”

“Tutakubeba.”

Kwa wepesi aliokuwa nao, watu wawili walitosha. Dhansai alishika mlango kwa muda, kisha akauachia. Walimpandisha, wakamketisha kando ya mashine, na safari hii wakaiondoa ngazi. Vigingi viling'olewa siku iliyofuata. Mtambo ukaongezewa dohani mpya, ndefu kuliko zote, na watu wa Jharokhar walialikwa kwenye uzinduzi wakala peremende.

Khandelwal alipandishwa cheo, akapewa mtambo mwingine ng'ambo ya vilima, wenye taa iliyowaka nyekundu muda wote. Kabla ya kuondoka alikwenda kuaga. Alimkuta Budhni peke yake uani, akavua viatu, akampa pole ambayo hakuwa amepata nafasi ya kumpa. Halafu akamwuliza kama mama mkwe wake ana ndugu wa kike.

“Hana,” Budhni alisema.

Khandelwal alimshukuru, akavaa viatu, akaenda kuuliza nyumba ya pili. Huko walimtandikia mkeka. Walimtajia jina la mdogo wake Sukhmantiya, na kijiji alikoolewa, na wakamhakikishia kwamba kifua chake ni kipana kuliko cha dada yake.