Chupa za Yusufu

Mchezo wetu kule Ufukoni uliitwa baruti, na msitushangae. Watoto huiga wanachokiona. Mmoja alikuwa mvuvi, wengine samaki. Mvuvi anarusha chupa majini, sisi tunapiga kelele "Puu!" na kuelea matumbo juu, tukisubiri kuokotwa.

Chupa alizitengeneza mdogo wangu, Yusufu. Mikono ya yule mtoto! Kandambili iliyotupwa na maji, kabla hujamaliza kula ugali wako, amekwisha kuichonga ngalawa. Chupa zake za kahawia alizijaza mchanga, akazizungushia kamba, akatia utambi wa makumbi ya nazi uliofuka moshi wa kweli. Alimwiga baba mdogo Hamisi, ambaye chupa zake hazikuwa za mchezo. Alimwiga vizuri mno, na hilo ndilo lililotuponza.

Mwaka tisini na saba askari wa doria waliwasaka wapiga baruti nyumba kwa nyumba. Asubuhi moja baba mdogo alisikia wameingia mtaani, akazichomeka chupa zake tatu kwenye pakacha la chupa zetu, nyuma ya jiko, akajiondokea. Hakutuambia neno.

Tukateremka pwani na pakacha letu. Mimi nilikuwa samaki, nimekwisha kulala majini. Yusufu akawasha utambi kwa kijinga cha moto, akainua chupa juu tuone moshi.

Mlipuko uliniziba masikio. Maji yalikuwa mekundu. Yusufu alikuwa bado amesimama, mkono juu, ila kuanzia kwenye kiwiko hapakuwa na kitu. Kisha akaanguka.

Nilimfunga kanga yangu kwa nguvu zote huku napiga mayowe. Nilipomwona baba mdogo anakuja mbio, nilimshukuru Mungu. Akaturuka. Nasema akaturuka, akalikimbilia pakacha.

Nikaokota kasia, nikampiga nalo mdomoni. Alipoanguka nikampiga tena, na tena, meno yakatawanyika mchangani. Ningemuua, wala sioni haya kusema, kama askari wasingenikamata.

"Chupa za nani hizi?" askari mmoja aliuliza.

"Za watoto," baba mdogo alisema, akitema damu. "Ntengenezaji wake huyo hapo. Ulizeni ntaa nzima."

Watu wakainamisha vichwa. Mtaa mzima ulizijua chupa za Yusufu.

Yeye alikuwa mapajani mwangu, nikidhani amezimia. Akafumbua macho.

"Zangu nnatia nchanga, afande," alisema. "Fungua."

Askari akafungua ya kwanza, ikamwaga mchanga. Akafungua ya pili, akanusa, akaiweka chini polepole.

Baba mdogo alitiwa pingu palepale. Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliangalia zile pingu zikifungwa, mkono mmoja, kisha wa pili, nikalia kwa hasira, kwa sababu alikuwa nayo yote miwili.