Ngumi Mbili Mbele ya Tandiko

"Mpe hatamu," shangazi alisema. Nikampa, na farasi wangu Hummel akanyoosha shingo, akatoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Tulizunguka banda zima la mazoezi kabla sijamtuliza. Wanafunzi wengine walikuwa wamesimamisha farasi wao katikati, wengi watoto wa shule, wakijikaza wasinicheke.

Shangazi Theda, mwalimu wetu, hakujikaza. "Umeona? Wewe humpandi huyo. Umemning'iniza mikononi kama ndoo."

Nilimchukia. Nalisema hivyo hivyo, maana miaka imepita na sioni sababu ya kulipamba. Nilichukia sauti yake iliyokwaruza, peremende zake, na buti zake za mpira alizoingia nazo hata jikoni. Naye hakunipenda kwa sababu kaka yake alimwoa mama yangu, mtu wa mjini aliyeogopa ng'ombe. Baba alipofariki shamba lilibaki kwa shangazi, na mimi nikarudi kutoka mji wa Bremen na ndoa iliyovunjika, mwanamke mzima, sijui hata kufunga tandiko. Kitu kimoja tu nilikitaka pale. Hummel alikuwa farasi jike wa mwisho ambaye baba alimzalisha, amemvuta kwa mikono yake kutoka tumboni mwa mama yake, mvua ikinyesha.

Shangazi aliitaka nafasi ya Hummel zizini. Alinitolea hukumu mezani, akipaka siagi mkate wake mweusi.

"Jumapili kuna mashindano ya wanaoanza. Akikukimbia kwenye kuachia hatamu, Jumatatu anakwenda kwa mchinjaji."

"Farasi wa baba?"

"Kaka yangu alikuwa na moyo laini. Ndiyo maana zizi limejaa walaji. Nipitishie chumvi."

Kosa langu lilikuwa la kijinga, na kila anayeanza kwenye vilabu vya kwetu hulifanya. Tulipanda kwa mstari, pua ya farasi mmoja nyuma ya mkia wa mwingine, na mimi nilipenda nafasi ya mwisho. Pale nyuma nilisogeza mikono mbele na Hummel akaendelea vizuri tu na telki yake, ule mwendo wa kudunda ulio kati ya kutembea na kukimbia, nikajiona nimeiva. Kumbe alikuwa anafuata mkia. Siku shangazi aliponiweka mbele, hakukuwa na mkia wa kufuata, na ukweli ukatoka mbio mbele ya watu wote.

Ukiitazama, kazi yenyewe ni ndogo. Farasi akiwa katika telki, mikono yote miwili inasogea mbele juu ya singa za shingo, kiasi cha ngumi mbili, hatamu zinalegea kwa hatua chache, kisha mikono inarudi polepole. Mwili haufuati mikono. Farasi asipobadili mwendo wala shingo, mwamuzi anajua alikuwa amejibeba mwenyewe. Akikimbia, ni mpandaji aliyekuwa akimshikilia muda wote na kujidai anampanda.

Juma lile shangazi alinifundisha kwa matusi. Nilipoinama mbele pamoja na mikono, alinijia na kunivuta koti kwa nyuma. "Mikono ndiyo inakwenda, si matiti. Kalia makalio yako, Mungu kakupa ya kutosha." Nilikaza meno. Usiku nililala nikimtukana, asubuhi nikapanda tena, mbele ya mstari. Bila kupenda, nilianza kuusikia mgongo wa Hummel chini yangu, jinsi ulivyopanda na kushuka bila msaada wangu.

Jumapili nilisogeza mikono. Sikio lake moja lilirudi nyuma kuniuliza jambo, na mimi nikakaa tuli kwenye tandiko. Akaendelea vile vile, telki ile ile. Mwamuzi alitikisa kichwa kukubali, na nikalia waziwazi mbele ya umati. Shangazi, pale kwenye uzio, hakupiga makofi. Niliamini nimemshinda.

Jumatano nilikuta gari na tela la farasi uani. Mume na mke kutoka mjini walikuwa wamesimama kando yake na binti yao, msichana mwembamba aliyekwisha kutoa karoti mfukoni.

"Mpande," shangazi aliniambia. "Waonyeshe ile ya hatamu."

"Si ulisema akitulia anabaki?"

"Nilisema akikukimbia anachinjwa. Ya kubaki umejitungia mwenyewe. Farasi anayetulia hata akiachiwa hatamu na mtu kama wewe, kila mzazi atamtaka kwa mwanawe."

Nilipanda. Njia ya kumharibia shangazi niliijua vizuri: kuinama kidogo tu, kiasi ambacho wale watu wa mjini wasingegundua. Hummel angetimka, nao wangeondoka na tela tupu. Kisha shangazi angeinua simu kumpigia mchinjaji. Alisimama mlangoni akitafuna peremende yake, akinitazama. Alijua ninawaza nini, na hakuwa na haraka.

Nikakaa wima, nikasogeza mikono mbele. Hatamu zililegea. Hummel alikwenda telki kandokando ya ukuta, shingo yake imetulia, hamtegemei mtu.

"Inatosha," shangazi alisema. "Rudisha mikono."

Sikurudisha. Nilimwacha aende hivyo mzunguko mzima, ili yule binti aone vizuri.