Nikupokee

Treni ya abiria ilipoondoka Tura, Mwanajuma alibaki na chupa nyingi za asali kwenye beseni, maana wasafiri wa siku hizi huonja, husifu, kisha hufunga dirisha. Akajitwika beseni lake, akapita nyumbani kuchukua ugali na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa karanga, alizokuwa amezifunika tangu asubuhi, halafu akashika njia ya kwenda kibanda cha droni kumpelekea mumewe chakula.

Droni ilikuwa mahali pake, juu ya kijiji, imefungwa kwa waya mwembamba uliotoka ardhini. Wenyeji waliiita tiara. Kampuni iliileta ili simu zishike mtandao kuanzia relini hadi vijiji vya ndani, na kwa kuwa ilipata umeme kutoka chini kupitia ule waya, haikuwa na haja ya kutua ikachajiwe. Ilikaa hewani mchana na usiku ikivuma kama mzinga wa nyuki. Chini paliwekwa jenereta, na kando ya jenereta aliwekwa Mahona, mume wa Mwanajuma, kama mlinzi.

Hayo ya jenereta yalikuwa ya mwanzoni. Mvua za mwaka uliopita zilikwamisha gari la dizeli kwenye tope, jenereta ikakohoa, ikazima. Tiara ikaanza kushuka polepole kuelekea paa la zahanati, ambako muuguzi alikuwa kwenye simu akiomba gari la kumkimbiza mama aliyeshikwa na uchungu. Mahona akachomoa waya kwenye jenereta bila kujua anataka kuufanyia nini. Kisha, kwa kuwa kitu kilikuwa kinamjia na mzigo wake, naye ni mtu aliyelelewa, akasema lile ambalo yeyote wa Tura humwambia mgeni anayeingia uani na furushi kichwani.

"Lete nikupokee."

Tiara ikapanda tena. Muuguzi akamaliza maongezi yake, gari likaja, mama akajifungua salama. Mahona alihisi miguu imekuwa mizito kidogo, akakaa kwenye kigoda na waya mkononi, na hapo kwenye kigoda ndipo alipobaki.

Injinia Advera wa kampuni alikuja kutoka Tabora mjini na kipimo chake. Alikuwa binti mwenye adabu; alimwamkia Mahona shikamoo kabla ya kumgusa kidole. Alipima, akarudia kupima, akasema umeme wa mzee umetulia kuliko wa jenereta. Baada ya muda kampuni ilituma gari. Mwanajuma alilisikia kwa mbali, akadhani ni dizeli, akamshukuru Mungu mapema. Kumbe lilikuja kuchukua jenereta, kwa kuwa ilihitajika kwingine. Walimwachia Mahona mwavuli na kizibao kinachong'aa.

Mahona akachoka. Haukuwa uchovu wa kukata tumbaku, ambao mtu huoga ukapungua. Kwanza alipoteza ladha ya chumvi, kisha kivuli chake kikapauka hadi kuku wakawa hawakitaki tena wakati wa jua kali. Siku ya Idi, watu walipopigiana simu kwa wingi, alinyong'onyea mpaka kidevu kikagusa kifua. Akisinzia, alisikia maongezi ya watu yakimpita mwilini: mahari, misiba, mwanamume fulani akimhakikishia mkewe kwamba yuko Itigi.

Dawa yake ilijulikana na kila mtu. Mzigo ungehamia kwa mwingine yeyote ambaye angetamka neno lile mbele ya Mahona. Lakini nani angekumbuka kutofautisha mbele yake na kwingine? Watu wakaona bora waliache kabisa, na neno likatoweka Tura. Mgeni akishuka treni na mabegi na mtoto mgongoni, anakaribishwa vizuri, anaulizwa habari za alikotoka, na mabegi yake anayaburuza mwenyewe hadi ndani. Waliopita kibandani walimpa Mahona pole, wakatazama mawingu. Hata Advera, siku alipouona waya unamponyoka mzee kiganjani, alifungua kinywa na neno likafika kwenye meno. Akalikohoa. Mwanajuma alikuwepo, akaona. Hakumchukia, ila tangu hapo alimweka kwenye kundi la watu wa kampuni.

"Na wewe usithubutu," Mahona alishamwonya mkewe. "Mmoja akiumia inatosha. Weka chakula, funga mdomo, nenda zako."

Basi kila siku Mwanajuma aliweka chakula, akafunga mdomo, akaenda zake. Ilimuuma kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Alimtaka mumewe nyumbani, akikoroma pembeni yake, akilalamikia chumvi. Hakuwa anaomba kingine.

Siku hiyo ya asali iliyododa hakuondoka. Alikaa na Mahona mpaka jioni, saa za wapagazi kupita. Hao hupita kila siku kwa njia yao ya zamani, nyuma ya stesheni, wakielekea pwani na pembe za ndovu begani. Wamekufa siku nyingi, na wenye mbuzi njiani huwaondoa mbuzi wao ili kuwapisha. Mwanajuma aliwasalimu kwa Kinyamwezi, mwadila, wakaitikia. Wa mwisho wao alikuwa na bega lililobonyea mahali pembe ilipozoea kukaa.

"Baba," Mwanajuma akamwuliza, "mzigo wa namna hii hutuliwa wapi?"

"Mbele."

"Nyie mlitua lini?"

Mpagazi akahamisha pembe kutoka bega hili kwenda lile. "Hatujatua, mwanangu," akasema, akawafuata wenzake. Mwanajuma hakumlaumu kwa kutompokea Mahona. Huyu angalau mikono yake ilikuwa imejaa.

Akamgeukia mumewe. Nsansa zilikuwa hazijaguswa na nzi walikuwa wameshazizoea. Mahona alisinzia mdomo wazi, na uso wake ulikuwa umeishaisha.

"Baba Mfaume," Mwanajuma akasema. "Lete nikupokee."

Mahona alizinduka. Akaukumbatia waya kifuani, akamwambia hapana, akamwambia ana wazimu, lakini kiganja chake kilikuwa kimechoka kuliko moyo wake, kikafunguka chenyewe. Tiara ikayumba kidogo, ikatulia. Mtu wa kwanza kupita mwilini mwa Mwanajuma alikuwa mfanyabiashara wa Nyahua aliyekuwa akigombania bei ya mbuzi.

Mahona alibebwa nyumbani, akalala kama mtoto. Advera alipokuja alimwamkia Mwanajuma shikamoo, akampima, akasema hali ni nzuri. Safari iliyofuata alileta kizibao kidogo zaidi, maana kile cha Mahona kilimpwaya mama.

Mahona akapona. Chumvi ilirudi ulimini, kivuli kikakolea, kuku wakarejea. Alichukua beseni la asali akaenda nalo stesheni, na wasafiri walinunua vizuri kwake, kwa kuwa wanaume wauzao asali kwa beseni huonewa huruma. Mchana alimpelekea mkewe ugali, akamfukuzia nzi, akamsimulia nani kanunua na nani kaonja tu. Mwanajuma alimsikiliza. Alifurahi kumwona amenenepa, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Naye kila siku alimtazama mdomo.

Jioni moja upepo ulikuwa mkali na tiara ilikuwa ikivuta sana. Waya ukaanza kumponyoka Mwanajuma kiganjani, na Mahona akaona. Midomo yake ikaachana. Mwanajuma akasubiri, kwa sababu alijua jinsi mdomo unavyokaa kabla ya neno lile kutoka.

"Pole, mama Mfaume," Mahona akasema.

"Nimeshapoa," Mwanajuma akaitikia, akamsogezea sahani tupu kwa mguu. Mahona akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo nyumbani.