Namba Iliyozuiliwa

"Mia mbili na kumi na mbili," Polikarpo aliiambia kompyuta. "Na mmoja amekwenda wapi?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, Mabibo. Tangazo la msiba lilikuwa limetoka kupita kwenye seva yake, na seva, kama ilivyofundishwa, ikaandika ilichofanya: limetumwa kwa wanachama mia mbili na kumi na wawili, limezuiliwa kwa mmoja.

Mzee alilaumu kiungo kati ya seva na mafaili ya kanuni zake. Seva ile aliijenga mwenyewe, fundi simu mstaafu ambaye hakukanyaga chuo, mstari kwa mstari kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ndani ya mashine aliyoitoa kwenye vyuma chakavu Mikocheni. Ukimuuliza, atakwambia ilitupwa na ubalozi ikiwa bado na siri za nchi kadhaa. Mwaka juzi zilikuwa nchi mbili; siku hizi zimefika tano. Lakini kazi ya mashine haikuwa ya utani. Iliwapasha habari watu wa Masasi waishio mjini, wa chama cha kuzikana, kila mwenzao alipofariki.

Ila haikuwa na adabu. Kwao mfiwa haambiwi kwa simu. Hutumwa watu wazima wawili, wakamkuta, wakamkalisha, ndipo mmoja aseme. Seva iliwaambia wote kwa pamoja. Ndivyo Filomena, muuza ndizi, alivyosoma kifo cha mwanawe akiwa sokoni, mteja amesimama mbele yake. Alimfungia mteja ndizi zake, akamwambia karibu tena, kisha akakaa chini juu ya maganda.

Tangu siku hiyo Polikarpo aliongeza kanuni. Lakini kila ukoo ulikuja na ya kwake: huyu aambiwe na mjomba, yule asiambiwe kabla hajala, mwingine asubiriwe atoke kazini. Kila kanuni ilimlazimu aipasue seva, aijenge upya, aizime na kuiwasha. Ndipo alipoipandikizia Lua, kilugha chepesi, ili kanuni zikae nje kwenye mafaili ambayo mtu yeyote aliyetulia angeweza kuyaandika. Kabla ya kutuma, seva huliuliza faili: huyu apelekewe, au asubiri? Ukibadilisha jibu, inafuata palepale bila kuzimwa. Kushona lugha mbili hizo kulimchukua miezi mitatu na miwani miwili. Mafaili akamkabidhi Herieth, katibu wa chama, mwalimu wa shule ya msingi.

"Mzee, mbona ni kama kupanga zamu za kufagia darasa?" Herieth alimwambia siku ya kwanza.

"Nyamaza. Wenzako nimewaambia nilisomea Urusi."

Sasa alikagua mshono. Jibu lilitoka kwenye kanuni likafika kwenye seva bila kupotea. Akatuma tangazo la majaribio kwenye simu yake, simu ikalia. Kiungo kilikuwa kizima. Basi haikuwa hitilafu. Kuna mtu alizuiliwa kwa makusudi, kwa tangazo hili moja tu. Akatafuta namba yenyewe. Tarakimu nne za mwisho zilimtosha.

Ilikuwa yake.

Akampigia Herieth.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kanuni uliyoandika asubuhi imezuia namba moja."

Upande wa pili kengele ya shule ililia, ikanyamaza.

"Uko nyumbani?"

"Nitakuwa wapi na goti hili?"

"Basi usitoke. Kuna watu wanakuja kukusalimia."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Waambie wapitie sukari. Mie imeniishia."

"Nitawaambia, baba."

Hakuwahi kumwita baba.

Polikarpo aliirudia kompyuta. Tangazo lilikuwa mle mle, umbali wa amri moja. Katika seva ile hapakuwa na mlango usio na ufunguo wake. Dada yake Auleria alikuwa amelazwa huko Masasi tangu Jumapili. Mtoto wa Polikarpo mwenyewe, Stephano, alikuwa barabarani na lori, akielekea Tunduma. Aliandika amri, akaandika jina la faili. Kikabaki kitufe cha mwisho, na kidole kikabaki juu yake.

Simu yake ilikuwa kimya mezani. Watu mia mbili na kumi na wawili walikwishajua, na hakuna hata mmoja aliyempigia.

Kwake yeye, kwa dakika hizo, wote wawili walikuwa hai. Auleria alikuwa anagombana na manesi kuhusu uji. Stephano alikuwa ametoa mkono dirishani, muziki juu, anatafuna karanga.

Akaifuta amri, herufi moja moja, kuanzia ya mwisho. Akazima kioo. Akavaa shati safi, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akatoa viti vitatu kibarazani na kuvipanguza vumbi kwa kiganja.

Mwisho wa uchochoro watu wawili walikuwa wamesimama. Mwanamke alikuwa anajifunga upya kanga ambayo haikuwa imelegea. Mwanamume alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Walikuwa wananong'onezana, bila shaka nani aanze.

Polikarpo aliwaona. Akainama polepole, goti likimuuma, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti, ili wapate muda.