Timu Isiyofika Uwanjani

Marehemu baba wa fundi mmoja wa fremu alikuwa muuguzi, lakini ugonjwa wake mwenyewe ulikuwa picha za timu za mpira. Alizijaza sebuleni mpaka mama akawa anasema iko siku atatolewa yeye nje ili picha zipate ukuta. Uwanja ulipofungua chumba cha kumbukumbu, binti yao, yule fundi, aliamua kuzitoa zote zipelekwe huko. Ila kwanza alitaka kujua kila moja ilitoka wapi.

Nyingi hazikumsumbua. Moja tu ilimshinda: vijana wa jezi za mistari, matope hadi magotini, wameketi nyasini wanahema. Hakuna aliyewatambua. Akaipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga picha wa gazeti.

Mzee aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Alimweleza kwamba hiyo ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari. Siku ya fainali basi lao lilitumbukia mtoni wakiwa njiani. Yeye alikuwa uwanjani na kamera yake, akawangoja juani mpaka watazamaji wakatawanyika. Mechi haikuchezwa. Na jezi zile walikabidhiwa asubuhi ya siku hiyo hiyo.

“Sasa hii kaipiga nani, mzee wangu?”

“Mwanangu, hilo usiniulize mimi.”

Alimwelekeza tu kwa kipa, aliyenusurika peke yake. Enzi zake walimwita Sumaku. Sasa alitengeneza redio sokoni.

Fundi alimkuta akimtania mteja kwamba redio yake si mbovu, imechoka tu kusikiliza uongo. Alipoonyeshwa picha, Sumaku aliweka bisibisi chini. Pale mbele, glavu mapajani, alikuwa yeye mwenyewe, kijana.

Alisimulia polepole. Baada ya ajali alilazwa hospitali, hajitambui. Alipozinduka, picha ilikuwa chini ya mto wake, bado mbichi, inanuka dawa za kusafishia picha. Kila aliyeambiwa naye kwamba fainali ile waliicheza alidhani homa imempanda kichwani. Muuguzi mmoja tu alimsikiliza, akaichukua amtunzie, maana Sumaku alikuwa hapati usingizi ikiwa karibu.

Fundi alijua. Muuguzi huyo hakuhitaji kutajwa. Akauliza kama walishinda.

“Bado,” Sumaku alijibu, bila mzaha wowote. “Hapo ni mapumziko. Niliomba nitoke kidogo, wakaniambia nisichelewe.”

Alikataa kuipokea. Fundi alizipeleka nyingine uwanjani, ile akaifungia kabatini.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, Sumaku alitokea karakanani kwa fundi. Alikuwa amevaa viatu vya kuchezea mpira, vipya kabisa, na uso ulimchangamka kama wa bwana harusi. Alisema amebadili mawazo, picha itiwe fremu na kioo. Fundi alipomuuliza ataifuata lini, alicheka, akasema kuna kazi anaimalizia kwanza.

Hakurudi. Kibanda chake kilikutwa wazi, redio za watu zikiwa zimepangwa vizuri rafuni. Ndugu zake walimtafuta hospitali na vituo vya polisi, wasipate hata fununu.

Fremu iko tayari tangu siku ile, imefungwa kwa gazeti na kamba, imegeuziwa ukutani. Mama amemsihi bintiye waifungue, waangalie mara moja tu kama Sumaku na wenzake bado wameketi. Binti amekataa katakata.