Nta ya Baba

Ukaidi wangu nimeurithi kwa baba, Mastro Catello, kwa hiyo asinilaumu mtu.

Tuligombana kwa sababu ya ukuta mmoja pale Stabia, kwenye jumba la kale la Italia lililofukiwa na majivu ya mlima wa volkano, Vesuvio. Kachorwa mwanamke kabeba kikapu cha maua. Miaka elfu mbili majivu yalimtunza, hata kope hazikubanduka. Kisha akachimbuliwa, na baba, fundi wa kuta hizo zama zake, akampaka nta ili ang'ae. Siku hizo mafundi wote walifanya hivyo. Mkurugenzi wa mambo ya kale alimpa mkono, na picha ya siku hiyo mpaka leo iko juu ya televisheni yetu.

Sasa ukuta ni wangu kuutunza. Nta imekuwa ya njano, imeuziba ukuta usipumue, na chumvi iliyonaswa ndani inaisukuma rangi nje. Shavu limeanza kumenyeka. Nikasema nta yote itoke kabla ya mvua za vuli, la sivyo uso ule tutaufagia sakafuni.

Baba akanuna. Jumapili, mezani, hakutaka niwekewe sahani, na kwetu hilo ni zaidi ya tusi. Mama alipomsihi, akajibu kwamba fundi anayemzidi baba yake akale kwa maprofesa waliomfundisha. Iliniuma. Nilijifungia bafuni nikalia, sitaki kudanganya. Lakini Jumatatu nilirudi ukutani na pamba yangu na dawa ya kuyeyushia nta.

Wiki tatu nilifuta, kila siku kipande cha ukubwa wa kiganja. Mkono wa yule mwanamke ukatoka safi, kikapu nacho kikatoka. Uso ukagoma. Nta pale ilikuwa nene ajabu, na kila nikigusa, punje ya rangi ilikuja na pamba. Mawingu yalishatanda mlimani. Nikaapa sitamwacha mwanamke yule hivyo.

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa baba, kavaa koti lake la kanisani, na siku yenyewe Alhamisi. Aliutazama kwa muda mrefu ule mkono uliosafishwa, kisha akavaa miwani.

"Usoni nilipaka mara tatu," akasema. "Nilimpenda mno. Ipashe moto kwanza, kwa mbali, ilainike. Ukilazimisha, utamchubua."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Mwanangu, nta ni yangu. Nipe hiyo pamba."

Tukaanzia shavuni.