Aliyesimama Chumba Namba Tisa

Chiriku alisimama Jumanne ya wiki ya pili, saa nne na robo asubuhi, baada ya kukosea sentensi ya Kiingereza. Utaratibu wa mhadhiri ulikuwa huo: anayekosea anasimama, darasa linamcheka kidogo, na hakai mpaka mwenzake akosee. Tangu siku hiyo hakuna aliyefungua mdomo. Nani ajitakie? Basi Chiriku akaendelea kusimama.

Wiki ya tano vidole vya miguu yake vilitoboa soli za viatu vikaingia sakafuni. Mfagiaji alilalamika kwamba ufagio unakwama, kisha akazoea, akawa anammwagia maji yaliyobaki kwenye ndoo. Wenzake walimtundikia miavuli. Mahudhurio yake hayakuwa na doa.

Na huyu binti alikuwa hanyamazi, jina hakupewa bure. Hata bafuni hosteli alijizungumzisha Kiingereza peke yake, maana alitaka kuwa mkalimani. Mtihani wa kuzungumza ungefanyikia ghorofa ya juu, na asiyefika angehesabiwa amefeli mwaka.

Rafiki yake wa chumba kimoja aliahidi kukosea kwa makusudi ili yeye akae. Jamani, alijitahidi. Siku tatu alijifunza sentensi mbovu mbele ya kioo mpaka ikamkaa kichwani. Siku ya siku akainua mkono, darasa zima likamgeukia, akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Aliomba kwa ishara.

Mama yake alikuja na hotipoti. Akamlisha kwa kijiko, akapapasa gome lililokuwa limefika magotini.

“Mwanangu, si useme lolote tu ukae?”

“Nilishasema, mama. Ndiyo maana niko hapa.”

Mama alilia, akafunga hotipoti, akawahi gari la saa kumi.

Siku ya mtihani jina lake liliitwa mara tatu huko juu. Alilisikia vizuri kupitia dari. Mwisho wa mwaka mhadhiri aliandika ripoti akiwa ameegemea bega la Chiriku: wanafunzi wa siku hizi hawana ari, hata ukiwauliza hawajibu. Alisikitika kwa dhati, maana aliipenda kazi yake.

Mwaka mpya ukaleta sura mpya. Mwanafunzi wa mstari wa mbele akajibu swali, akakosea, akachekwa kidogo, akasimama. Mhadhiri akamgeukia Chiriku na kumwambia kwa upole kwamba sasa anaweza kukaa. Chiriku akajaribu. Sakafu haikumwachia.

Kesho yake mfagiaji alikuja na ndoo mbili.